Magurudumu ya Mshazari

Karakana ile ilikuwa na desturi yake: mkuu hupima, mchoraji huchora, na anayetia sahihi ni aliyechora. Mkuu mwenyewe alikuwa mjomba wa mchoraji, kaka wa mama yake, aliyemsomesha binti huyo tangu baba yake alipofariki. Mafundi walimwita mjomba huyo Futi Kamba, kwa kuwa alijigamba jicho lake halikosei hata milimita.

Safari hii iliagizwa kreni ya kuning'inia, ile isiyotembea juu ya reli bali hushika ukingo wa chini wa boriti za dari. Mchoraji alipewa vigari vya ncha zake mbili, vyenye magurudumu yanayobeba uzito wote. Mjomba alizitazama boriti akiwa chini, mikono mifukoni, akasema ukingo una mteremko. Basi magurudumu yakachorwa ya mshazari.

Kesho yake mchoraji alipanda ngazi, akaweka rula. Ukingo ulikuwa bapa kama meza. Gurudumu la mshazari hapo hukanyaga upande mmoja tu, na chuma huliwa kidogo kidogo. Alimkuta mjomba ofisini akinywa chai na wateja, akamweleza kwa sauti ya chini na adabu zote. Mjomba akacheka, akauliza tangu lini kifaranga kikamfundisha kuku kuchakura. Wateja nao wakacheka. Binti wa watu akaona haya, akatia sahihi. Haya ya dakika moja, jamani!

Mwezi wa nane tangu kreni ianze kazi, ukingo ulichanika, kigari kikaporomoka, na mzigo ukamwangukia mwendeshaji wa kreni. Madaktari walimkata mguu juu ya goti.

Wakaguzi walipouliza mchoro ni wa nani, mjomba hakusita.

"Wake," alisema, akimwonyesha kwa kidevu. "Sahihi yake hiyo hapo."

Jioni mama alimjia chumbani. Habari za mwendeshaji hakuziuliza. Alimsihi abebe lawama peke yake, asimvunjie kaka yake heshima, kwani mtu mzima akivuliwa nguo ukoo mzima hubaki uchi.

"Ukinyamaza utapoteza kazi tu," alisema. "Ukimtaja, mimi nitapoteza ndugu."

Mchoraji alilia kwa uchungu. "Mama, mimi nilipanda ngazi. Nilijua."

Mama alishusha pumzi, uso ukamkunjuka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe kosa ni lako kweli."