Nyumba Kabla ya Mbuzi

Binti yangu Mwongeli alipojifungua mwezi wa Agosti alinipigia simu niende Mlolongo nikae naye mwezi mzima, nimwogeshee mtoto. Nilimwachia jirani kuku wangu, nikaondoka Kalama na mfuko wa mbaazi.

Nyumba yao mpya nilikuwa sijaiona. Mwongeli alinitembeza polepole, mtoto begani mwangu. Ukitoka getini duka liko mkono wa kushoto, zahanati nyuma yake, na kanisa si mbali hata kwa magoti yangu. Kuna uwanja wa watoto wenye bembea. Jikoni nilifungua bomba, nikalifunga, nikalifungua tena, na Mwongeli akanicheka kwamba nitamaliza tangi.

Kisha akanionyesha chumba cha chini. Kilikuwa na kitanda kifupi na dirisha linaloangalia bembea, na bafuni kulikuwa na chuma cha kushikilia ukutani.

"Hicho chuma Lenny alikiweka mwenyewe," akasema. "Chumba ni chako, mama."

Nikaketi kitandani, nikamuuliza kwa upole kuhusu mbuzi, maana nilidhani wameniita kwa kuwa yuko tayari kuletwa.

Alijua ni mbuzi gani. Kwetu Ukambani mwanamume huleta mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa mke, ndipo ndoa hutambuliwa. Kabla ya hapo mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe; akilala, husemwa mabaya humpata mtoto. Hawa wawili walikuwa wanunue ploti kwanza, halafu waezeke, halafu wajenge ukuta, ndipo walete mbuzi. Sikuwasukuma, kwa sababu niliona walivyojinyima.

Mwongeli akalia. Alisema walidhani nikikiona chumba nitayaacha hayo, na kwamba akina mama wengine wa kanisani siku hizi wanalala tu kwa wakwe zao. Nikamwambia najua, wala siwalaumu. Lakini mimi ningekesha, nikingoja jambo limpate mtoto.

"Huo ni uoga wako tu, mama."

"Ni wangu," nikasema. "Ndiyo maana sitaki kuulaza hapa."

Nilimwogesha mtoto alasiri hiyo, bila haraka. Mkwe wangu Lenny alipotoka kazini akaelezwa. Amezaliwa papo hapo Mlolongo, mambo haya aliyasikia kwa mbali tu. Alisimama kwenye korido kwa heshima, hakuingia nilipokuwa.

"Mama, nikilala kwa jirani mwezi huu wote, wewe utalala?"

Kijana wa watu, alikuwa tayari kutoka katika nyumba aliyoijenga. Nikamwambia haisaidii, nyumba itabaki kuwa yake hata akiwa nje. Akauliza kama wazee watapokea mbuzi Desemba. Watapokea, nikasema. Sikumwambia kwamba Desemba mtoto atakuwa ameshakaza shingo, na anayemwogesha hatahitaji mkono mzee wa kumshikilia.

Alinirudisha mwenyewe usiku huo hadi Kalama. Tulisogea polepole nyuma ya malori yanayopimwa uzito pale mizani, na tulipofika hakutaka chai. Alimulika mlango wangu kwa taa za gari hadi nikaingia.

Kesho yake jioni Mwongeli alipiga simu. Jirani yao Winfred alikuwa amekuja na beseni lake, amemwogesha mtoto, na amesema atakuja kila siku. Nikamwambia amshukuru sana, mwanamke huyo ana moyo mwema. Kisha nikauliza kama mtoto alilia alipomwagiwa maji.

Akasema hakulia.