Mama Mkwe Aliponiita

"Ndeti!"

Ndoo ya asali nusura initoke mikononi. Tangu nioe, Mbula hakuwa ameliita jina langu. Sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuchujia, akinitazama usoni, na sauti yake ilikuwa ileile ya Kathini, binti yake, mke wangu, tuliyemzika mvua za Novemba zilipoanza.

Kabla ya ndoa, Mbula alikuwa msimamizi tu wa kiwanda chetu kidogo cha asali hapa Mutomo, na alinigombeza kila siku ya Mungu. Nilipooa akaninyamazia. Sisi Wakamba tunaiita nthoni: mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawasemezani ovyo. Ndiyo heshima. Wengi wameiacha, hata kanisani wanaicheka, lakini Mbula hakuiacha. Nikiingia, alitoka kwa mlango wa nyuma. Maagizo yake niliyapata kwa Wavinya, anayepakia chupa. Nilifurahi, kusema kweli. Nani hataki bosi asiyegomba?

Kisha Kathini akafa akijifungua, na mtoto hakupona. Kaburini Mbula alijifunika uso kwa leso, akapita mbali nami. Kazini ikawa vilevile. Nilimsikia nyuma ya ukuta akiwaelekeza wengine kwa sauti ileile ya marehemu. Je, alinilaumu? Nilichoka kukisia. Nilikasirika pia, sifichi.

"Mwambie mama aongee na mimi mwenyewe," nikamwambia Wavinya. "Kama kuna kitu kwa roho yake, aniambie."

Wavinya aliacha kufunga vifuniko. "Hiyo nthoni ndiyo inafanya bado wewe ni mkwe wake. Kathini hayuko. Unataka aitoe?"

"Nataka tu aongee."

Akaupeleka ujumbe. Asubuhi iliyofuata ndipo nilipoitwa.

"Hii asali bado iko na nta. Chuja tena," Mbula alisema mbele ya wote, bila hasira, kama anavyomwambia kibarua yeyote. Wavinya aliinamisha kichwa. Macho ya Mbula yalikuwa mekundu, na hayakunikwepa hata kidogo.

Nilitaka kusema mama.

"Sawa, madam," nikajibu, na tangu siku hiyo huniita kutwa nzima kwa sauti ya Kathini.