Kijiji Kizuri cha Bwana Kornelis

Ijulikane kwa wote, wa karibu na wa mbali, kwamba Jumamosi hii saa nne kamili asubuhi, Ephraim wa darasa la kumi, mtafiti wa vijiji na bingwa wa visiwa vya mbali, atawafungulia wazazi na walimu siri za maisha ya kijijini Indonesia, mahali ambapo mguu wa mwanafunzi wa Durban haujawahi kukanyaga.

Ndivyo lilivyosema tangazo kwenye mlango wa bwalo. Mguu wa Ephraim nao haukuwa umekanyaga. Tangazo alilibandika mwenyewe, na msomaji wake wa pekee alikuwa Kwamboka, msichana Mkenya wa darasa lake, ambaye aliongeza chini kwa kalamu nyekundu: "Mje na mito ya kulalia."

Kwa kawaida Ephraim angelipiza kabla ya chakula cha mchana. Safari hii alinyamaza. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ameshika kipaza sauti cha shule yao ya bweni, pale mtaa wa Westville, akatangaza kwa sauti ya mkuu wa shule kwamba mkaguzi anakuja kukagua soli za viatu. Wanafunzi mia mbili walijipanga uwanjani pekupeku, viatu wameviinua juu kama watu wanaotoa sadaka. Hilo lilikuwa kosa la tatu. Mwalimu Mugambi, mtu wa Meru aliyefundisha jiografia na kusimamia bweni la wavulana, alimwita ofisini akamwambia bila kupandisha sauti:

"Sikiza, kijana. Kazi yako ya jiografia nitaisoma neno kwa neno. Nikipata uongo mmoja, mmoja tu, unafunga sanduku. Sitaki kumwona mama yako hapa akilia."

"Mama yangu halii, Mwalimu. Anapiga."

"Basi atapiga."

Mama yake, Clementina, alikuwa ameshatoa hukumu yake pia. Mtoto akifukuzwa, asidhani atakuja kujinyoosha nyumbani kwao, mtaa wa Bluff. Atapanda basi hadi Tanzania, kwa bibi yake Ludewa, akalime mahindi. Ephraim alikwenda Ludewa mara moja tu, akiwa na miaka tisa, likizo ya wiki tatu, na siku alizihesabu kama mfungwa. Kwa maoni yake, kijiji ni mahali ambapo watu wanahifadhiwa mpaka wapate nauli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi aliokota karatasi yenye jina la nchi, kisha akatakiwa amtafute mtu wa nchi hiyo humu humu Durban, amuulize kuhusu kijiji chake: watu wanaishije, na vijana wana matumaini gani. Mtandao ulipigwa marufuku. Kwamboka aliokota Malawi, akamhoji fundi viatu aliyekaa nje ya geti, akamaliza kabla kengele haijalia. Ephraim aliokota Indonesia.

"Pole sana," alisema Kwamboka, na uso wake wote ukisherehekea.

Asichojua Kwamboka ni kwamba Clementina alikuwa mpishi katika klabu ya mabaharia bandarini. Miongoni mwa walaji wake alikuwepo Kornelis, baharia wa meli ya kuvua jodari, ambaye alikwama Durban kwa sababu injini ya meli yao ilikuwa imefunguliwa ikisubiri vipuri. Alikuwa mfupi, mkavu, ana rozari shingoni, na hakuonekana kuhitaji rafiki. Alitoka Lembata, kisiwa kidogo cha mashariki ya Indonesia. Kiingereza chake kilikuwa cha melini, maneno machache, yote yamekazwa.

"Unataka nini?" aliuliza, kijiko hakikusimama.

"Habari za kijiji chako, anko. Maisha ya huko."

"Mawe."

"Na nini tena?"

"Mawe mengine." Kornelis alimwaga pilipili kwenye wali. "Mahindi katikati ya mawe. Maji ni mwendo wa saa nzima, wanawake wanabeba. Gari linakuja likijisikia. Andika."

Ephraim aliandika.

"Vijana wana matumaini gani?"

"Kuondoka. Wengine mashamba ya michikichi Malaysia, wengine meli. Wanaobaki kazi yao kuuliza walioondoka wanarudi lini. Mimi huu mwaka wa sita majini, kwa ajili ya pembe ya ndovu."

"Pembe ya nini?"

"Mahari. Kwetu huoi bila pembe. Fupi kwa msichana wa kawaida, ndefu kwa binti wa ukoo mkubwa. Ninayemtaka mimi ni wa ukoo mkubwa."

"Kumbe mna ndovu."

"Hakuna ndovu. Hajawahi kuwepo hata mmoja."

"Sasa pembe zinatoka wapi?"

"Zililetwa na wafanyabiashara, zamani, kabla ya babu wa babu yangu. Sasa zinazunguka tu. Inatoka kwetu, inakwenda kwa ukoo wa mke. Wao nao wakioa, inakwenda mbele. Kuna mtu nyumba yake inavuja, na chini ya kitanda kuna pembe."

Hapo kalamu ya Ephraim ilisimama. Yeye ni Mtanzania. Huko kwao mtu mwenye pembe ya ndovu chini ya kitanda hasubiri harusi, anasubiri polisi. Halafu pembe bila ndovu! Ephraim alikuwa fundi wa uongo, na fundi huitambua kazi ya fundi mwenzake. Kwanza unampa mtu mawe, maji, mambo ya kuchosha. Akishalala usingizi wa kuamini, unamtia ndovu. Ndivyo alivyofanya yeye na soli za viatu. Akamtazama Kornelis usoni. Uso ule haukucheka wala kununa. Ulikuwa uleule ambao Ephraim aliufanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni.

"Eish," alisema, akafunga daftari. "Sharp, anko, tumemalizana. Asante kwa ndovu."

Kornelis aliweka kijiko chini kwa mara ya kwanza. "Mama yako anapika vizuri," alisema. "Wewe sijui alikupika na nini."

Jioni hiyo Ephraim alipiga mstari juu ya kila alichoandika, kisha akaandika MWONGO kwa herufi kubwa kukatisha ukurasa. Kama ndovu ni uongo, na mawe ni uongo. Yeye, aliyeonywa asidanganye hata neno moja, asingekubali kuponzwa na uongo wa baharia. Kwa hiyo, ili ajikinge na uongo, alikaa akatunga kijiji kizima.

Alikitunga kwa makini. Alichukua mto wa Ludewa na migomba ya Ludewa. Ng'ombe wa bibi yake aliwanenepesha, na mahari akaiweka ng'ombe saba, idadi isiyomshtua mtu. Vijana wa kijiji hicho waliimba shambani, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuondoka.

Jumamosi bwalo lilijaa. Saa nne kasoro dakika tano Clementina aliingia na gauni lake la kanisani, na nyuma yake, ndani ya koti la kuazima, akaingia Kornelis.

"Nimekuletea mtu wako," alisema mama. "Nimemwambia aje asikie kwao kunavyosifiwa."

Ephraim alimwendea Mwalimu Mugambi mbio.

"Mwalimu, tumbo."

"Panda nalo."

Akapanda. Hakuwa na pa kutokea, maana nakala zilikwisha kugawiwa, na mstari wa kwanza ulisema: Haya yote nimeyasikia kwa kinywa cha Bwana Kornelis wa Lembata. Akasoma kwa Kiingereza cha shule: akasoma mto, akasoma migomba, akasoma ng'ombe. Wazazi walipiga makofi kwa furaha; wengi wao walitoka vijijini na walifurahi kusikia kwamba kipo kimoja kizuri.

"Bwana Kornelis," alisema Mwalimu Mugambi, "umekisikia kijiji chako."

Kornelis alisimama. "Kizuri sana. Nataka kuhamia. Kiko wapi?"

Bwalo lilicheka, na kicheko cha Kwamboka kilibaki hewani baada ya vingine kuisha.

"Mgeni ana haya, Mwalimu," alisema Ephraim haraka. "Watu wa kule hawapendi kujisifu."

"Umesema hatuondoki," alisema Kornelis. Sasa hakuna aliyecheka. "Miaka sita sijamwona mama yangu. Nani alikuambia hatuondoki?"

"Labda ni kijiji cha jirani."

"Daftari," alisema Mwalimu Mugambi.

Alilisoma amesimama, kidole kikifuata maneno chini ya mistari ya kufutia. Mawe. Maji saa nzima. Pembe, mahari. Halafu lile neno kubwa lililokatisha ukurasa, ambalo alilisoma kwa sauti na kumfasiria mgeni kwa Kiingereza. Kornelis alitoa simu, akatafuta, akaipitisha. Katika picha wazee wawili walikuwa wamebeba pembe ya ndovu, ya njano kwa uzee, wakishuka nayo kilima cha mawe matupu, na nyuma yao watu wa harusi. Simu ilipita mstari kwa mstari. Clementina ndiye aliyekaa nayo zaidi.

"Kijiji ulichokisoma nakijua," alimwambia mwanawe, kwa Kiswahili, taratibu. "Ule mto ni wetu. Lakini wale ng'ombe wamenenepa lini? Kaka zangu watatu, nani amebaki pale? Mimi niko hapa nakaanga samaki wa watu kwa sababu kule kila mtu anaimba?"

Ephraim aliikunja karatasi yake mara mbili.

"Jumatatu unaondoka," alisema Mwalimu Mugambi. "Hilo limekwisha, usilihangaikie. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Ukweli ulikuwa nao mkononi. Uliutupia nini?"

Kichwani mwa Ephraim zilikuwepo sababu nne, zote safi, zote za uongo. Alizipitia moja moja. Kisha akashuka jukwaani, akaenda hadi mbele ya Kornelis, akasema kwa Kiingereza ili yule mtu asikie mwenyewe:

"Nilitunga, anko. Yote. Ulichoniambia nilikifuta kwa sababu nilidhani unanifanyia ninavyowafanyia watu. Uliniambia mambo magumu bila kukunja uso, na mimi uso ule naujua wakati wa kudanganya tu. Na hicho nilichokisoma ni kwa bibi yangu. Nilikaa kwake wiki tatu, na sikumuuliza hata swali moja."