Inaingia, Haikubali

Paka aliihama chaja. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla mtu yeyote nyumbani hajasema kwamba kompyuta ya kaka ina tatizo.

Chaja yenyewe ilikuwa kidude cheusi mfano wa kipande cha sabuni, na kila kaka alipokaa mezani kuandika ilipata joto. Paka wetu alizoea kuilalia, mkia juu ya waya, mpaka wifi Rosemery amfukuze kwa ufagio. Jumanne ile kaka alikuwa anaandika kama kawaida. Paka akaja, akainusa, akageuka, akaenda kulala juu ya gunia la mpunga. Nikainama, nikaigusa. Ilikuwa baridi kama mtungi. Sikusema kitu. Mimi si msemaji. Shule niliiacha darasa la tano mama alipougua, na hata huko mwalimu akiniuliza jina nilikuwa natazama dirishani.

Muda si muda kompyuta ikazimika.

Ilikuwa kompyuta ya kukunja, ile wanayoiita laptopu, na haikuwa yake. Kaka Stanislaus alikuwa na kibarua kwenye mradi wa kupima mashamba ya mpunga upande wa Kiberege. Vipimo vyote alikuwa ameviandika humo. Mkubwa wake alikuwa anakuja Jumatatu kutoka Morogoro kuvichukua. Betri ya kompyuta ilishachoka siku nyingi, haikai hata nusu saa, kwa hiyo bila chaja ile mashine ilikuwa sawa na sinia.

"Imeunguzwa na mashine ya kukoboa mpunga ya hapo jirani," wifi akasema. "Ikiwashwa taa zinafifia, ikizimwa zinarudi na hasira. Kitu gani kitastahimili?"

Kaka akabeba chaja na kompyuta, akaenda kwa Fridolin.

Fridolin alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, wakikitumia wawili, yeye na mzee Silvano, fundi saa. Lakini nyumbani kwetu Fridolin alikuwa zaidi ya fundi, kwa sababu alikuwa ameleta posa. Mshenga wake, mzee Kelestini wa Katindiuka, alikuja, akakaa, akala wali na kambale, akanawa, kisha akaniita mbele ya kaka.

"Binti, huyu Fridolin unamfahamu. Je, unamkubali?"

Nikatazama mkeka. Nilikuwa natafuta neno, na neno lilikuwa mbali. Mzee Kelestini akacheka. "Kimya ndiyo jibu. Msichana mwenye adabu hasemi. Amekubali." Wifi akapiga kigelegele, na jambo likaishia hapo. Hakuna aliyeniuliza tena. Mshenga angerudi Jumapili na kishika uchumba, na kikishapokelewa, kurudi nyuma ni aibu ya nyumba nzima. Tangu siku ile kaka alianza kumwita Fridolin shemeji.

Jumatano kaka alirudi kutoka sokoni amekunja uso.

"Anayo," akasema hata kabla ya kukaa. "Chaja anayo! Nimeiona inaning'inia kwenye msumari. Nimejaribu kichwa chake kwenye kompyuta, kimeingia kama kisu kwenye ala. Nimemwambia niuzie. Mnajua amenijibu nini? Eti, 'Inaingia, lakini haitakubali.' Haitakubali! Chaja ni mwali, hata ikatae?"

"Kwa sababu gani?" wifi akauliza.

"Eti volti. Yangu ilikuwa kumi na tano, hiyo ya msumarini ishirini na nne. Sasa ikizidi nguvu si ndiyo vizuri? Itajaza haraka. Huyu ana lake jambo."

"Jambo lake nalijua. Anataka ulie, halafu akuuzie kwa kupunguziwa mahari."

Kaka akajikuna kidevu, akilitafakari.

"Na ile yetu?" wifi akaendelea.

"Amebaki nayo. Anasema anaiangalia."

"Ataiangalia mpaka igeuke baiskeli. Mafundi redio mimi nawajua. Baba yangu alipeleka redio nzima, ikarudi inaongea kama mtu mwenye mafua. Spika walikuwa wameshaitoa."

Siku ile kaka hakusema shemeji hata mara moja. Alisema, "yule fundi."

Nilikuwa naosha vyombo nje huku nasikiliza. Mafuta ya sufuria yaligoma kutoka, na mimi nilikuwa nasugua palepale. Kama walichosema ni kweli, basi Jumapili ningepewa mtu anayechomoa spika za wazee.

Alhamisi wifi akanituma samaki, kisha akanivuta kando. "Pita pale kibandani. Jifanye umetumwa kuulizia. Tazama vizuri. Wewe hawezi kukuficha."

Mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilikuwa zimegeuza njia ya sokoni kuwa jaruba, nikafika na matope mpaka kwenye magoti. Mzee Silvano alikuwa ameinamia saa, lenzi imebanwa kwenye jicho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fridolin! Mwenye nyumba amekuja kukagua."

Fridolin aliinuka haraka, na kabla hajaniitikia mkono wake ulivuta kitambaa ukafunika kitu mezani. Lakini kitambaa kilikuwa kifupi. Waya ulichungulia, na juu ya waya nikaona tone jekundu lenye umbo la punje ya haragwe. Tone lile nalijua. Wifi alimwaga rangi ya kucha juu ya waya wa chaja mwezi wa Ramadhani, akasugua, ikagoma kutoka. Waya ulikuwa umekatwa. Upande wa pili haukuwa na kitu.

"Umetumwa chaja," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwambie kaka sijaigusa bado. Nitaishughulikia."

Alisema hivyo akinitazama usoni. Mimi nilitazama kitambaa.

Labda aliona sijaridhika, maana aliitungua ile ya msumarini akanionyesha maandishi yake. "Namba unazijua? Soma hapa."

"Ishirini na nne," nikasema polepole.

"Ya kaka yako ni kumi na tano. Tundu ni moja, lakini tundu si kitu. Katekista aliniletea redio ya mawe manne, betri hizi ndogo, akasema niifunge kwenye betri ya gari, eti apate sauti mpaka ng'ambo. Nilimtii kwa sababu ni mkubwa. Ilisema neno moja, ikatoa moshi. Mpaka leo akipita hapa anakohoa."

Mzee Silvano akacheka mpaka lenzi ikamdondoka. Mimi sikucheka. Mtu anayeweza kunidanganya kuhusu waya, anashindwaje kunidanganya kuhusu namba?

Nyumbani wifi alinisubiri mlangoni. "Umeona nini?"

"Amesema ataishughulikia."

"Nimekuuliza umeona nini."

"Mzee Silvano anatengeneza saa."

Akasonya, akaninyang'anya samaki. Ningetaja lile tone, mpaka jioni soko zima lingekuwa linamwita mwizi, na huenda hakuwa. Nisingelitaja, Jumapili ilikuwa inakuja. Nikaingia chumbani kwa kaka kufagia. Nikaigeuza kompyuta kifudifudi, pale ninapofutaga vumbi kila siku bila kusoma. Karibu na tundu paliandikwa kumi na tano na herufi ya V.

Kwa hiyo kuhusu namba alisema kweli, na kuhusu waya alisema uongo. Sikujua mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Ijumaa meza ya Fridolin ilikuwa tupu. Kaka aliporudi kutoka huko sauti yake ilikuwa imeshuka, na kaka akishusha sauti ndipo anapotisha.

"Amekwenda Lupiro. Mzee Silvano ndiye ameniambia. Kwa nini, hajui. Arudi lini, hajui."

"Amevuka mto!" wifi akasema. "Na chaja ya watu! Mto wenyewe umejaa, kivuko kinakwenda kikijisikia. Huyo mtamwona mpunga ukishavunwa."

Niliwaza ule waya uliokatwa. Ulikuwa Lupiro sasa, mfukoni mwa mtu? Usiku sikuwa na usingizi mwingi.

Jumamosi asubuhi kaka alitoka mapema akarudi kabla chai haijachemka. Alifungua koti. Ndani mlikuwa na ile chaja ya msumarini.

"Amekuuzia nani?" wifi akauliza.

"Hajaniuzia mtu. Nimeichukua."

"Na mzee Silvano?"

"Jicho moja kwenye lenzi, jingine amelifumba. Aone nini? Yule amebaki na yangu, mimi nachukua yake. Ngoma droo."

Akaweka kompyuta mezani, akachomeka chaja ukutani, akashika kile kichwa akitafuta tundu. Nilikuwa nimesimama na bilauri ya chai. Nikaiweka chini. Halafu nikaweka kiganja changu juu ya tundu.

Sikuwa na uhakika wowote. Nilimshuku Fridolin na niliishuku chaja, ila shaka yangu kwa chaja ilikuwa kubwa kidogo.

"Paskazia, toa mkono."

Sikutoa.

"Wewe! Tangu lini unaniwekea mkono?"

"Mwache, labda ni mapenzi," wifi akasema, lakini hakucheka.

Kaka alinishika kiwiko. Hakunivuta kwa nguvu, alinishika tu, kama anayepima kama ni mimi kweli. Hapo ndipo tuliposikia hodi.

Fridolin alisimama mlangoni, suruali imelowa mpaka mapajani, kifurushi cha nailoni kifuani kama amebeba mtoto.

"Shikamoo, kaka. Shikamoo, shemeji. Samahani, nimekuja na taarifa mbaya. Nimepitia kibandani, nimeibiwa."

"Umeibiwa nini?" kaka akauliza.

"Ile chaja ya msumarini. Ni ya mtu, aliiacha niitunze."

Kaka alikuwa ameishika mkononi. Wifi akainua uso kutazama paa, kama anayetafuta panapovuja.

"Naona imeshapatikana," Fridolin akasema taratibu.

"Tusiongelee wizi," kaka akasema kwa ukali. "Yangu iko wapi?"

Fridolin akafungua nailoni. Alitoa kasha kubwa la kijivu, zito kama tofali, na kutoka kwenye kasha ulitoka waya mweusi uliofungwa utepe katikati. Juu ya waya palikuwa na tone jekundu.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kuitoa.

"Huo waya niliuona Alhamisi. Ulikuwa umeshakatwa. Ukaniambia hujaigusa."

Kaka aliniachia kiwiko. Wifi akashika mdomo. Katika nyumba ile nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja mbele ya mgeni.

Fridolin alitazama matope ya miguu yake. "Ni kweli. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Kasha lake lilikuwa limeungua kabisa, halirudi. Kilichobaki kizima ni waya na kichwa. Nikaukata kwanza, ndipo nikakumbuka kwamba sina kasha la volti kumi na tano la kuunganishia. Nimekata chaja ya kaka yako na mkononi sina kitu. Nikaogopa. Nikasema nikimwambia, posa yangu inarudi siku hiyohiyo." Akapangusa uso. "Jioni nikakumbuka kwaya ya Lupiro. Kinanda chao cha umeme kililowa, kikafa, kasha lake likabaki zima. Jana niliwaomba, wakanipa, nikauunga waya hukohuko. Kivuko kikanilaza ng'ambo."

"Kinanda?" kaka akasema. "Isije ikaanza kuimba."

"Nimepima, kaka. Kumi na tano. Lakini chomeka wewe mwenyewe. Mimi nikichomeka mtasema nimefanya dawa."

Kaka alisita. Alinitazama mimi, si Fridolin. Nikatoa kiganja.

Akachomeka ukutani. Akachomeka kwenye tundu. Tuliinamia kioo wote wanne, na huko nje mashine ya kukoboa ikaanza kunguruma, taa ikafifia, wifi akasema, "Yesu," taa ikarudi. Kitaa cha kijani pembeni mwa kompyuta kikawaka. Kaka akabonyeza, ikalia ule mlio wake, na mashamba ya Kiberege yakatokea kwenye kioo, mistari yote mahali pake.

"Shemeji!" kaka akapiga kelele, akampiga Fridolin mgongoni hata akayumba. "Shemeji, kaa, unywe chai! Hii nyingine tutairudisha, mzee Silvano hana haja ya kujua."

"Kesho mzee Kelestini aje tu," wifi akadakia, akimsogezea kiti. "Mambo yameisha. Mwenyewe alishakubali zamani."

"Sikukubali," nikasema.

Kijiko cha wifi kilisimama hewani. Fridolin, aliyekuwa ameanza kukaa, akabaki ameinama nusu, mkono kwenye kiti.

"Nilinyamaza tu," nikasema. "Ninyi ndio mkasema kimya kimekubali. Posa iliingia, basi."

Kaka akaiacha kompyuta, akanigeukia. Paka akatoka kwenye gunia la mpunga, akaja mpaka kwenye lile kasha la kijivu, akalinusa pembe moja, akalinusa nyingine. Hakulala. Alikaa kando yake akijiramba mguu, kama ambaye bado hajaamua.

"Na sasa?" Fridolin akaniuliza. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema mbele ya wote.

"Kitu ukikikata, niambie umekikata."

"Nitakuambia."

"Hata kama huna cha kuunganishia."

"Hata kama sina."

Nilitazama mkeka kwa mazoea, kisha nikauacha mkeka, nikamtazama yeye.

"Basi," nikasema, na safari hii hata mzee Kelestini kule Katindiuka angenisikia, "nimekubali."