Hapa Nakaa Tu

Afisa wa watoto aliuliza swali jepesi kuliko yote, na ndilo lililomwangusha Leonida.

Yeye alikuwa amejiandaa kwa magumu. Mjane wa miaka arobaini na mitatu, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amepiga deki nyumba yake ya kupanga mjini Migori mara mbili asubuhi hiyo, akatandika kitanda kidogo ambacho hakijalaliwa na mtu, akapanga vyeti mezani. Lynnet, msichana wa miaka minne aliyeomba kumlea kama mwanawe, alikuwa Homa Bay kwenye makao ya watoto. Tangu Januari Leonida alikuwa akienda kumwona kila Jumamosi, na sasa mtoto alikuwa amezoea kusinzia mapajani pake. Kilichobaki ni afisa kuridhika na nyumba.

Afisa mwenyewe alikuwa mwanamke mpole wa Lamu, aliyehamishiwa huku majuzi tu. Alikagua choo, akakagua jikoni, akasifu mapazia. Kisha akafungua faili.

"Na hapa ndipo nyumbani kwako, dada?"

"Hapana, madam!" Leonida alicheka kidogo, kwa adabu. "Hapa nakaa tu. Nyumbani ni Ndhiwa."

Jamani! Mjaluo yeyote angemwelewa. Mtu atapanga mjini miaka thelathini, azeekee humo, na bado ukimuuliza nyumbani atakutajia boma la ukoo, maana huko ndiko atakakozikwa. Nyumba ya kupanga, hata iwe na vigae, ni mahali pa kulala. Lakini kwa huyu mgeni, nyumbani palikuwa pale mtu anapovua viatu, basi. Akaandika: mwombaji hana makao ya kudumu, anakaa kwa muda.

Wiki mbili baadaye barua ikaja kwamba maombi yamesimamishwa. Leonida aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Hakuwa na mtu wa kumsomea kwa sauti, na hilo lilimuuma karibu sawa na barua yenyewe.

Akaenda Ndhiwa kwa Cephas, kaka wa marehemu mumewe Ochieng, kumwomba barua ya kuthibitisha kwamba ana boma. Cephas alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, wewe ni wetu," alisema. "Nafasi yako ya kuzikwa kando ya Ochieng iko, hakuna mtu ataigusa. Lakini huyo mtoto hatujui ukoo wake. Hawezi kuingia hapa. Ukimchukua, kaa na yeye huko huko mjini. Na hata siku yako ikifika, iwe ni huko huko."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana hakukuwa na mahali pa kumkasirikia. Leonida aliaga, akapitia kaburini kwa Ochieng. Alimpenda mtu yule. Alijua kila pembe ya mahali pale pa kando, palipokuwa pake kwa miaka kumi na tisa. Aling'oa magugu hadi mikono ikawaka.

Jumatatu alikuwa mbele ya meza ya afisa.

"Nitakuuliza tena, dada, na unijibu sawasawa. Nyumbani kwako ni wapi?"

Leonida alitazama viganja vyake, bado vina michubuko ya magugu.

"Ni hapa Migori," akasema. "Sina pengine."

Maneno matatu tu ya kwanza yalikuwa yamemng'oa kando ya mumewe. Afisa hakujua. Aliandika, akapiga muhuri, akatabasamu kwa moyo wote.

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo? Haya, Ijumaa nenda ukamchukue mwanao."

Leonida akaangua kilio. Afisa akaizunguka meza, akamkumbatia na kumpa hongera.