Uwanja Ulioonekana Mtupu Jumatatu

Nilikuwa darasa la tatu wapimaji walipokuja kutoka makao makuu. Nilikutana nao uwanjani nikitoka shule, wanaume wawili wenye kofia. Mmoja alikuwa anachungulia kwenye chombo cha miguu mitatu, mwenzake ameshika fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe. Hawakumuuliza mtu kitu. Kwenye ramani yao, uwanja wetu ukaandikwa "eneo tupu".

Shida ni kwamba walikuja Jumatatu.

Sisi ni mafundi wa magodoro ya sufi, na Jumatatu ilikuwa siku ya mkokoteni. Mama na mjomba walitoka alfajiri kuzunguka majumbani kukusanya magodoro yaliyolala, yale yenye shimo katikati kama karai. Walirudi jioni wamechoka, wakalala. Uwanja ulipata uhai kuanzia Jumanne. Mama alitandika turubai lake kwenye kona ya barabarani, penye ukuta mfupi, kwa sababu pale jua hufika mapema. Alifumua godoro, akamwaga sufi, akaipiga kwa fimbo mbili mpaka ikafura, nyeupe, nyepesi. Mimi nilikuwa nakaa juu ya ukuta nikimtungia uzi kwenye sindano ndefu. Mpaka leo nikisikia fimbo mbili zikipigana nageuka, nikidhani ni yeye.

Ramani ile ilitusumbua miaka kumi na minne. Tukiomba bomba la maji, tunajibiwa kwamba mpango wa taifa unasema hapo ni patupu, pametengwa kwa maegesho ya malori, tusubiri. Malori yenyewe hayakuja. Mama alikwenda ofisini mara nne na neno lake lilikuwa moja: "Njooni Jumanne." Walimcheka. Akafariki kabla hawajaja.

Mwaka jana sheria ikabadilika. Redio ikatangaza kwamba mipango sasa itaanzia chini: kila mtaa utachora ramani yake, na makao makuu wataifuata. Mjomba akaizima redio haraka.

"Unazima ya nini?" nikamuuliza.

"Isije ikabadili maneno."

Mwenyekiti wetu wa mtaa ni kinyozi. Aliitisha mkutano darasani, Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu hana wateja. Sisi tukaacha mkokoteni nyumbani, tukaenda. Afisa mipango, dada wa makamo mwenye viatu vya vumbi, akabandika karatasi kubwa ubaoni akasema, "Haya, mtaa ni wenu. Semeni."

Kinyozi akasimama wa kwanza. "Uwanja wote tujenge vibanda vya biashara. Vijana hawana kazi."

"Na sisi?" mjomba akauliza.

"Mzee wangu, watu siku hizi wanalalia sponji. Mmebaki mafundi wangapi?"

"Watatu."

"Wawili na nusu. Wewe tundu la sindano hulioni tena!"

Darasa zima likacheka, na mjomba mwenyewe akacheka. Mimi sikuweza. Miaka yote nilikuwa namlaumu mtu wa mbali nisiyemjua sura. Kumbe sasa anayeutaka uwanja ni huyu anayemnyoa mjomba wangu ndevu, na asemayo kuhusu vijana ni kweli.

Tukatoka wote kwenda kuutazama uwanja. Ulikuwa kimya, vumbi tu na paka mmoja. Afisa akashika penseli. Niliona mkono wake unaelekea kwenye karatasi. Mimi nimeishia darasa la saba, sikuwahi kusema mkutanoni.

"Dada," nikasema, "njoo kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Jumanne."

Kinyozi akaguna. "Kesho nina vichwa vya watu vinanisubiri!"

"Vichwa havina miguu ya kukimbia," bibi mmoja akamjibu, na kina mama wakanyoosha mikono. Afisa akahesabu mikono, akafunga karatasi yake.

Siku ya pili nilitandika turubai kwenye kona ya mama kabla jua halijatoka. Sikupanga chochote wala sikumwita mtu. Wakaja wenyewe kama kila Jumanne. Wenye nguo za kuanika wakaanika. Wanafunzi wakakatiza katikati kukwepa magari. Baba mmoja aliyepooza mguu akaja kujifunza kutembea, kwa sababu hapa akianguka, anaangukia sufi. Afisa alikuwa anaandika tu.

Kinyozi alichelewa, na mkasi bado mfukoni. Akasimama ghafla. Kwenye kigoda karibu yangu alikuwa amekaa mama yake mzazi, miguu juani, anachambua mbegu kwenye sufi.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Wewe ndiye unafanya nini hapa? Leo hunyoi?"

"Unakuja hapa?"

"Kila Jumanne, tangu baba yako afe. Ulidhani nashinda nikiutazama ukuta?"

Kinyozi akachuchumaa kando yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba vibanda vinne vingetosha, ukingoni mwa barabara, na kwingine kubaki wazi. Vijana wapate kazi, na uwanja ubaki.

Ukingoni mwa barabara ndipo penye ukuta mfupi. Wote wakanitazama.

"Kama hutaki, sema, mama," mjomba akaniambia. Huniita mama kwa kuwa nimefanana na dada yake.

Nilipapasa ukuta. Ulikuwa na mkwaruzo pale mama alipokuwa akinolea sindano. Nikafikiri, mama hakwenda ofisini mara nne kwa ajili ya kona. Alikwenda kwa ajili ya uwanja.

"Wajenge," nikasema.

Afisa akachora vibanda vinne, kisha akanipa penseli. "Hapa katikati tuandike nini?"

Nikaandika polepole, herufi za shule ya msingi: Uwanja wa magodoro.

Sasa natandika katikati. Jua linafika pale limechelewa, sufi inakuwa bado na unyevu wa asubuhi. Nikingoja ikauke, nakwenda kusimama mbele ya kibanda cha mwisho, palipokuwa kona ya mama. Kijana muuza betri alishaacha kuniuliza nataka kununua nini. Ananisogezea kigoda tu, natunga uzi.