Hodi ya Tatu Kwenye Mlango wa Buluu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya mlango wa buluu, Sikudhani nimembeba mgongoni, na Sikudhani anakufa.

Sikudhani si ndugu yangu. Ni fundi cherehani wa Muheza ambaye sijawahi kumtia machoni, ila tunacheza pamoja gemu la mtandaoni liitwalo Milki ya Vilima Saba. Yeye ni mpiga upinde, ngazi ya arobaini na moja. Mimi ni mtu mwema, ngazi ya tatu. Tulianza wote wiki moja.

Nieleze kidogo, maana watu hunicheka kabla sijamaliza. Ukijiunga na gemu hili unachagua tabia: mwovu, wa katikati, au mwema. Mwema hupewa nyota ya kuelea juu ya kichwa, na masharti matatu: asiibe, asidanganye, asiingie nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Waliotunga gemu waliweka masharti wakasahau kuweka adhabu. Kwa hiyo wema wote huingia tu, wakavunja vyungu, wakapekua makabati, wakabeba wanachokitaka, wakatoka na nyota zao zinameremeta. Mimi siwezi. Naandika "Hodi." Nasubiri. Naandika tena. Ya tatu ikikosa jibu, naondoka zangu, ndivyo nilivyolelewa. Nyumba za kwenye gemu hazina wa kujibu. Mwezi wa tisa huu nafanya hivyo.

"Shemdoe, wewe si mtu mwema," Sikudhani huniambia. "Wewe ni mgeni wa kudumu."

Jana jioni nyoka wa bwawani alimuuma. Katika gemu hili ukifa umekufa, jina linafutwa, na miezi yake tisa ya kulenga shabaha huku cherehani kimepoa inakwenda na maji. Sumu ile huua taratibu, mpaka alfajiri. Dawa imo ndani ya chungu, katika nyumba yoyote ya kijijini.

"Kaka, leo usipige hodi," alinisihi kwenye kipaza sauti. "Ingia tu. Nakuomba."

Nikamwambia anipe dakika moja nifikirie. Nikajiegemeza kwenye mto nifikirie vizuri. Usingizi ukanibeba hapo hapo, na mimi ndiye mwema.

Basi niko mlangoni. Nyota yangu si picha tena. Ni balbu ya kweli, ina joto, na kumbikumbi wameshaanza kuja. Mmoja ameniingia sikioni, ameomba radhi, ametoka.

"Hodi," nasema.

Juu ya kichwa cha Sikudhani unaelea mstari mwekundu wa uhai, mrefu kama rula. Nikiutazama unafupika. Sasa una urefu wa kalamu ya risasi.

Chungu kilichokaa kibarazani kinakohoa. "Sema taratibu," kinaniambia. "Watakusikia."

"Akina nani?"

"Wema."

Na kweli mmoja anakuja. Jina linaelea juu yake: Mkombozi99. Anakuja akirukaruka, maana wachezaji wote hurukaruka hata njia ikiwa tambarare. Amevaa chuma cheupe, na nyota yake ni kubwa kama ungo. Anapiga teke mlango wa jirani, anaingia. Vyungu vinasikika, ta, ta, ta, kisha sauti ya mtu mzima inasema, "Jamani, tunakula." Mkombozi99 anatoka na vijiko.

"Una mgonjwa?" ananiuliza.

"Ninaye."

"Dawa imo humo. Sogea nikuvunjie."

"Nimepiga hodi moja tu. Bado mbili."

Ananitazama kama mtu anayetafuta tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo. "Bwana, hizi ni nyumba za gemu. Hamna watu."

"Nimesikia wanakula."

"Wameandikiwa kula."

"Na wewe je," chungu kinamuuliza, "umeandikiwa kuruka?"

Mkombozi99 anaruka kidogo, bila kupenda.

Napiga hodi ya pili.

"Nani?" unauliza mlango.

Nusura nimwangushe Sikudhani. Miezi tisa yote sijawahi kuulizwa hivyo.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Shemdoe."

"Shemdoe yupi? Yule wa godoro?"

Hapo kijiji kinaondoka, pale pale tunakuwa Tanga, Barabara ya Kumi na Nne, mvua inanyesha. Sikudhani hayuko mgongoni tena. Amekuwa godoro, amekunjwa, yuko juu ya kichwa changu. Sauti ni ile ile.

"Kaka, ubavu wangu wa kushoto unalowa."

"Vumilia."

"Navumilia. Nakuarifu tu."

Mtaa huu naujua. Mwaka ule upepo ulipoezua paa la chumba changu niliupita wote nikiwa na godoro kichwani. Nilipiga hodi milango saba, na kwenye milango saba redio zilipunguzwa sauti. Hakuna aliyeniambia hapana. Wanapunguza redio tu, nawe unasikia jinsi wanavyokusikiliza.

Sasa redio zote saba zimetoka nje, zimekaa vibarazani zimekunja miguu. Moja inasema, "Utuwie radhi, siku ile tulikuwa na taarifa ya habari."

"Si neno," najibu.

Balbu inafifia. Mwema hadanganyi.

"Lilikuwa neno," nasema. "Liliniuma sana."

Balbu inawaka. Redio inainamisha antena.

Mlango wa nane ni huu wa buluu. Mkombozi99 amenifuata mpaka Tanga na vijiko vyake. Mstari mwekundu wa Sikudhani umebaki njiti ya kiberiti, na godoro halisemi tena.

"Mimi navunja," anasema Mkombozi99, anainua mguu. "Unamngoja afe?"

Nisifiche: na mimi niliinua wangu. Buti langu lina chuma mbele, na mlango ni wa mbao za kawaida. Teke moja tu, rafiki yangu apone. Lakini chini ya ule mlango inapita harufu ya sabuni ya unga, na soli ya buti langu ina matope ya mtaa mzima. Nashusha mguu.

"Hodi," nasema. Ya tatu. Baada ya hapo ni kuondoka.

"Habari za utokako?" unauliza mlango.

"Nzuri."

Balbu inazimika kabisa. Kumbikumbi wanaaga, wanaondoka.

"Nzuri gani, na godoro kichwani?"

"Mbaya," nasema. "Paa limekwenda. Rafiki yangu anakufa, na mimi sina pa kumwingiza."

"Haya, sasa tumesalimiana," unasema mlango, na kitasa kinajizungusha. "Karibu. Vua viatu, nimepiga deki sasa hivi."

Kwenye gemu hakuna kitufe cha kuvua viatu. Nachutama. Kila buti lina matundu kumi na moja ya kamba, nayafungua moja moja, huku Mkombozi99 angali na mguu hewani.

"Na mimi je?" anauliza.

"Umepiga hodi?" unamuuliza mlango.

Anashusha mguu. Anasafisha koo. "Hodi," anasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu meno mapya.

"Ngoja kidogo, tuna mgonjwa. Na hivyo vijiko virudishe."

Ndani yuko Bi Mwanakheri, mwenye mlango wa nane wa mwaka ule. Amejifunga kanga kiunoni, ameinama, anafuta sakafu na tambara, anarudi kinyumenyume. Miaka sita sijamwona. Hainui kichwa.

"Mlaze hapo palipokauka," anasema.

Namlaza. Chungu kinaingia chenyewe kutoka kibarazani, kinajifunua. "Chota," kinasema. "Umekaribishwa." Dawa yenyewe ni uji wa pilipili manga, na kikombe ni cha plastiki, cha kijani, kimepasuka ukingoni. Nakijua. Ndicho nilichopewa mimi usiku ule wa mvua, kabla hata sijaulizwa jina. Godoro linakunywa. Mstari mwekundu unakuwa kalamu ya risasi, unakuwa rula, unatokeza dirishani.

"Pilipili imezidi," linasema godoro.

"Amepona huyo," anasema Bi Mwanakheri.

Mara maneno matatu yanatokea hewani, kama yatokeavyo kwenye gemu ukitakiwa kumjibu mtu. La kwanza: *Asante*. La pili: *Asante sana*. La tatu: *Ondoka*.

Nayafahamu. Nilikaa kwa mama huyu miezi mitatu, sikuulizwa nitaondoka lini hata siku moja. Nilipopata chumba nilichagua la tatu. Nilitoka alfajiri na godoro langu, yeye amelala, kwa kuwa niliogopa kulia mbele ya mtu aliyekuwa akinipakulia ukoko nikiuomba. Tangu hapo nilikuwa nikimtumia salamu kwa watu, na watu unawajua.

Nayasogeza yale maneno kwa mkono. Ni mepesi, kama nguo kwenye kamba.

"Bi Mwanakheri," nasema, "mpaka leo, kila mlango ninaposimama nasikia sauti yako. Ulinifungulia nikiwa sina kitu, mvua inanichapa, na niliondoka kwako bila kukushukuru. Ndiyo maana siwezi kuvunja mlango wa mtu. Ndiyo maana niko ngazi ya tatu."

"Ngazi ya tatu ni juu?"

"Ni chini kabisa, mama."

"Basi hata ukiteleza huumii." Ananirushia tambara. "Futa hapo ulipokanyaga."

Nafuta. Napiga magoti nafuta kila unyayo, na balbu juu ya kichwa inawaka mpaka Bi Mwanakheri anakinga macho na kuniambia nipunguze, umeme ghali.

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani, simu imenichimba ubavuni, chaji asilimia mbili. Sikudhani ameniachia ujumbe wa sauti.

"Kaka! Mzima mimi! Sumu imeisha yote! Na wewe nakuona umesimama ndani ya nyumba, Shemdoe, *ndani*, tena peku, mabuti umeyapanga mlangoni. Nimetafuta kitufe cha kuvua viatu gemu zima, hakuna. Nani kakufungulia?"

Nikashusha miguu kitandani. Sakafu yangu ni ya saruji, ina vumbi la siku tatu, sina wa kumsingizia. Nyayo zangu zilikuwa na unyevu. Nikashika mmoja, nikanusa kidole. Sabuni ya unga.

Nikachomeka chaji, nikatafuta namba ambayo miaka sita nimekuwa nikiitazama na kuipita. Ikaita mara mbili.

"Hodi," nikasema. Halo haikunijia.

"Nani?"

"Mimi."

Nyuma ya sauti yake redio ilikuwa inaimba, na hakuna aliyeipunguza.

"Habari za huko?" akaniuliza Bi Mwanakheri.

"Nzuri," nikasema, nikaitazama balbu ya chumbani. Haikufifia. "Nimepiga kukushukuru, mama."

"Umeshashukuru," akasema. "Ila siku nyingine, baba, tambara ukishalitumia ulisuuze. Umeniachia na matope yake kizingitini."